Gari la Likizo: Nani Humtumikia Mwenziwe?



Kila ufikapo mwezi wa Novemba, katika nyumba nyingi za watu wetu walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata ng'ambo ya mpaka kule Nairobi, huanza mazungumzo ya namna moja: mwaka huu twendeje nyumbani? Siku hizi mazungumzo hayo huishia katika shauri hili: si afadhali tununue gari letu wenyewe, la watu saba au wanane, tuwe tunakwenda nalo kila Krismasi? Wengine wamekwisha kununua. Wengine wanaweka akiba. Nao wazazi hapa Tarakea wanaombwa maoni yao, na pengine wanaombwa ng'ombe wauzwe ili kiasi kilichopungua kipatikane.

Swali hili si la fedha peke yake. Ni swali la namna ya kuishi na vitu, tena na ndugu. Kwa hiyo twapenda kulitazama kwa utulivu, kama tulivyozoea darasani: kwanza faida, kisha hasara, na mwisho neno la kushauriana.

Yafaa tueleze kwanza ni gari gani tunalolisema. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana magari ya likizo ambayo ndani yake mna vitanda, jiko na tangi la maji. Kampuni ya Volkswagen ilianza kuunda Kombi mwaka 1950, na wengi wakaigeuza kuwa nyumba ya safari. Hata hapa kwetu twaona magari ya watalii yenye mahema juu ya paa yakipita kuelekea lango la Nalemoru. Sisi hatuna haja ya kulala garini, maana mwisho wa safari yetu kuna kihamba na nyumba ya baba na mama. Gari letu la likizo ni Noah iliyotumika kwanza Japani, au Alphard kwa mwenye nafasi zaidi. Lakini shabaha ni ile ile: jamaa wote wawe pamoja katika chombo chao, wasimame wapendapo na kuondoka wapendapo.

Faida zake hazikaniki. Mwezi wa Desemba viti vya mabasi ya Kilimanjaro huwa haba, hata vibali vya muda hutolewa kwa magari ya ziada. Mama mwenye watoto watatu na mizigo, akisimama stendi tangu alfajiri, hawezi kulaumiwa akitamani gari lake. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, nayo ni msaada mkubwa. Lakini haifiki Rombo. Tena gari likiwa nyumbani, mgonjwa akizidiwa usiku hupelekwa mara moja hospitali ya Huruma, au KCMC. Bibi asiyeweza tena kupanda mlima kwa miguu hufika ibadani. Mambo haya ni mema, na asiyeyataja hasemi kweli yote.

Sasa tuziangalie hasara. Ya kwanza ni ya hesabu, nayo ni nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo isemwayo zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka una siku 365. Jamaa wanaokuja likizo kwa siku 14 wanalitumia gari lao la likizo siku hizo 14. Siku 351 zilizobaki linakaa, au linatumika kwa safari ndogo za mjini ambazo mtu mmoja angeweza kwenda kwa daladala. Tangu mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa na kuingizwa katika bei ya mafuta, kwa hiyo hapo gari lisilotembea limepata nafuu. Lakini bima hailali. Tena gari lisilotembea huharibika kwa namna yake: betri hufa, matairi hupata nyufa, breki hushika kutu, na panya hula nyaya. Toka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 600, kwenda na kurudi 1,200. Gari likienda kilomita 10 kwa lita moja, zahitajika lita 120. Kila msomaji achukue kalamu, azidishe kwa bei ya siku ile, aongeze bima, matairi, oili na fundi, kisha alinganishe na nauli za jamaa yake. Pengine gari litashinda, hasa kwa jamaa kubwa. Shauri letu ni kwamba hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Kuna mtu aliyeifanya hesabu ya namna hii kwa taifa zima. Ivan Illich, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa padri, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba Mmarekani wa kawaida alikuwa akitoa saa 1,600 kila mwaka kwa ajili ya gari lake: saa za kuliendesha, na saa za kufanya kazi ili alipe bei yake, mafuta, bima na faini. Kwa saa hizo zote alisafiri kama kilomita 12,000. Ukigawanya, unapata kilomita 7 na nusu kwa saa, ambayo ni zaidi kidogo tu ya mwendo wa mtu aendaye sokoni kwa haraka. Hesabu hiyo yatufundisha kuuliza: gari hili linanipa saa ngapi za kukaa na wangu, na linanidai saa ngapi?

Hasara ya pili ni juu ya dereva. Katika basi la masafa marefu dereva ana mwenzake wa kupokezana naye. Katika gari la jamaa dereva ni baba, naye ni mmoja. Amefanya kazi hadi jioni ya siku ya kufunga ofisi, amefunga mizigo usiku, na saa 9 alfajiri amekwisha kushika usukani. Mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa miaka mingi mpaka mwaka 2023, lakini gari binafsi halikukatazwa kamwe, na wengi wamefanya usiku kuwa njia ya kukwepa msongamano na matrafiki. Wote walala, yeye peke yake akodoa macho kati ya Korogwe na Same. Afikapo Himo amechoka, na ndipo kona za kupanda Mwika na Rombo zinaanza. Hapo hasara haihesabiwi kwa shilingi. Na hata akifika salama, huyo ndiye mtu ambaye likizo ilikusudiwa impumzishe. Siku mbili za kwanza analala. Siku mbili za mwisho anawaza safari ya kurudi. Je, ni haki mapumziko ya watu saba yabebwe na mgongo wa mtu mmoja, kwa kuwa tu gari ni lake?

Hasara ya tatu huonekana baada ya kufika. Gari likiwapo uani, hudai kwenda. Asubuhi huku kwa mjomba, mchana Marangu kwa wakwe, jioni Moshi mjini kununua kitu kilichosahauliwa, kesho yake kwa fundi kwa sababu ya mlio uliosikika. Tumewaona watoto wa jirani zetu waliofika kwa wazazi wao tarehe 23 na kuondoka tarehe 2 Januari, na mama yao akasema hakupata kuketi nao hata mara moja mpaka maji ya chai yakapoa. Zamani aliyekuja kwa basi alikuwa amefika kweli. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila shambani, kanisani na kwa jirani, kwa miguu. Alikata majani ya ng'ombe pamoja na baba yake, na katika kukata majani yalisemwa mambo ambayo hayasemwi kwa simu: habari ya mpaka wa shamba, habari ya deni, habari ya ndugu asiyeelewana na mwenzake. Mambo hayo yanahitaji siku nyingi za kukaa bila shughuli.

Hasara ya nne yahusu udugu. Kiti kitupu katika gari ni swali. Ukirudi mjini, binamu anaomba nafasi, jirani anaomba umchukulie magunia mawili ya ndizi, mwalimu mstaafu anaomba umfikishe Himo. Ukikubali kila ombi, gari linazidishwa uzito, tena kwenye mteremko unaohitaji gia ndogo na breki zisizochoka. Ukikataa, umeanza hesabu ya kinyongo ambayo itasomwa tena msibani. Hapo mwenye gari hufundishwa kusema uongo mdogo: kwamba gari ni bovu, kwamba ataondoka Jumatano, kumbe ataondoka Jumanne usiku. Twasema uongo mdogo, lakini ni ajabu kwamba kitu kilichonunuliwa ili kuwaleta ndugu pamoja chamfanya mtu aondoke kwao gizani, asionekane na ndugu.

Hasara ya tano ndiyo nzito kuliko zote, nayo haimpati mwenye gari. Humpata asiye nalo. Siku za Krismasi magari hupangwa mbele ya nyumba na kando ya kanisa, na namba zake husomwa na kila apitaye. Wako watu wazima wanaomwuliza kijana, kabla hata ya kumwuliza hali ya watoto wake: umekuja na usafiri gani? Kijana aliyekuja kwa basi husikia swali hilo kama kipimo. Mwaka unaofuata hukodi gari kwa fedha za ada ya shule, ili naye aonekane. Nguo ya kuazima haisitiri, na gari la kukodi vivyo hivyo. Na mwingine, ambaye hata la kukodi hawezi, hufanya jambo baya zaidi: haji. Hupiga simu na kusema kazi zimembana. Mwaka wa kwanza husadikiwa. Mwaka wa nne wazazi hawaulizi tena, bali mama huendelea kuweka fungu lake la nyama kando mpaka jioni ya siku ya pili. Tunao wazazi wa namna hiyo katika vitongoji vyetu, wasomaji wanawajua. Mtoto wao hakuzuiwa na nauli. Nauli aliweza kuipata. Alizuiwa na magari ya wenzake.

Basi, je, ni vibaya kumiliki gari la likizo? Hatusemi hivyo. Mwanafalsafa wa Kiyunani Aristotle alifundisha kwamba utajiri uko zaidi katika kukitumia kitu kuliko katika kuwa nacho. Neno hilo ni zuri kwa jambo letu. Anayepanda basi anatumia gari kubwa, dereva wawili na fundi wa kampuni kwa siku moja, kisha anashuka na kuyasahau yote. Mwenye gari lake hawezi kushuka kamwe. Hata akilala, gari liko akilini mwake. Kwa hiyo kabla ya kununua mtu asijiulize tu kama ana uwezo wa kulipata, bali kama ana uwezo wa kuwa nalo bila kulitumikia. Wako wenye uwezo huo, nao tumewaona: gari lao limechakaa, funguo zimetundikwa ukutani, nao wamekaa chini ya mgomba.

Twashauri mambo machache. Jamaa mbili au tatu zinaweza kukodi gari moja na dereva kwa Desemba, zikagawana gharama. Mwenye gari asisafiri usiku bila mtu wa kupokezana naye. Ni afadhali alale Korogwe au Same akafika mchana. Akifika, afunge gari kwa siku tatu nzima, isipokuwa kwa mgonjwa. Wenye umri wetu watakumbuka miaka ile ya shida ya mafuta baada ya Vita vya Kagera, ilipokatazwa kuendesha magari ya binafsi Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Watu walinung'unika, lakini saa hizo walionekana vibarazani mwao wakizungumza. Kilichoamriwa wakati ule kwa upungufu, leo twaweza kukichagua kwa hiari. Na juu ya maombi ya lifti, ni heri kusema mapema na wazi: nafasi ni mbili, nimemwahidi fulani na fulani. Ukweli huo huuma siku moja tu.

Kwa wazazi na wazee wenzetu neno ni moja. Mtoto akifika, mwulizeni habari za njiani na habari za watoto. Usafiri wake mtauona wenyewe.

Na kwa ninyi vijana wetu mlioko mbali, ambao mtaletewa gazeti hili na ndugu zenu: mabasi ya Rombo yangali yanakuja hadi stendi ya Tarakea. Toka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa miguu, na hakosekani wa kuwapokea mizigo. Njoni mwaka huu.