Lini Twaweza Kusema: Yatosha?



Mkulima hushika jembe ili aondoe majani mabaya shambani. Afanya vema, kwa sababu majani yakiachwa, mahindi hayatakua. Lakini ikiwa majani yamekwisha na mkulima angali analima, jembe litaanza kukata mizizi ya mahindi yenyewe. Jembe halijui tofauti. Kazi yake ni kukata tu. Ni juu ya mkulima mwenye akili kujua saa ya kuliweka chini.

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya saa hiyo. Wote twajua kwamba kuanza kazi njema ni jambo la sifa, na kuendelea bila kuchoka ni sifa kubwa zaidi. Juu ya kuacha, watu hunena kidogo, tena mara nyingi kwa kulaumu. Lakini je, kuacha ni uvivu siku zote? Tuchukue mfano mmoja, tuutazame vizuri.

Katika Marekani na Ulaya, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi, watu waliozidiwa na unene hata ukawa ugonjwa huweza kupasuliwa tumbo ili wapungue. Mganga Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza mwaka 1966 namna moja ambayo ilirekebishwa baadaye na ingali inatumika: sehemu ndogo ya juu ya tumbo hufanywa mfuko, nao huunganishwa na utumbo, ili chakula kisipite katika tumbo lote. Namna nyingine, inayofanywa sana leo, ni kuondoa karibu sehemu nne katika tano za tumbo, likabaki kama mfereji mwembamba. Mtu hula kidogo na kushiba upesi, na njaa yenyewe hupungua. Kilo hushuka sana mwaka wa kwanza, halafu polepole, halafu husimama. Huu si ujanja wa wavivu, wala si pambo. Ni dawa kali kwa ugonjwa mzito.

Tuseme basi, kwa mfano tu, kuna mama mmoja huko Marekani. Urefu wake ni sentimeta 165, na uzito wake ulikuwa kilo 130. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, magoti yalimwuma, hakuweza kupanda ngazi bila kupumzika njiani. Kabla ya kupasuliwa aliandika katika daftari lake: kilo 68. Sasa imepita miaka miwili. Mizani yaonyesha kilo 84, na imesimama hapo miezi minane. Sukari imeshuka, mganga amemwondolea dawa zake. Hupanda ngazi huku akizungumza. Lakini daftari lasema 68. Kwa hiyo amepunguza chakula tena. Haketi tena mezani na watoto wake, maana aogopa kuonja. Hupanda juu ya mizani asubuhi na jioni. Nywele zake zakatika, na mara mbili ameshikwa na kizunguzungu kazini. Mumewe amwambia kwamba yatosha. Naye ajibu: «Nikiacha sasa, nimeshindwa.»

Je, ni nani mwenye haki kati yao?

Kabla ya kujibu, tuulize kwanza: hizo kilo 68 zimetoka wapi? Si bahati. Waganga huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa chini ya 25, lakini si chini mno, husema uzito ni mwema. Likifika 30, husema ni unene wa ugonjwa. Mtu wa sentimeta 165 akiwa na kilo 68, jibu lake huwa chini kidogo ya 25. Ndiyo sababu mama yule aliiandika.

Lakini hesabu hii haikuanzishwa na mganga. Aliyeianzisha ni Adolphe Quetelet, mtu wa Ubelgiji, aliyezaliwa Ghent mwaka 1796. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu na mpimaji wa nyota huko Bruxelles. Alitaka kujua jinsi wingi wa watu walivyo, akamtafuta yule aliyemwita mtu wa wastani. Hakutaka kumwambia mgonjwa yeyote apime kilo ngapi. Ni mwaka 1972 tu Ancel Keys wa Marekani aliipa hesabu hiyo jina ambalo waganga hulitumia leo. Na mpaka wenyewe umehamishwa: mpaka mwaka 1998 wakubwa wa afya wa Marekani waliuweka mwanzo wa uzito uliozidi kwenye 27 na kitu; mwaka huo waliushusha hadi 25. Mamilioni ya watu walilala wakiwa na uzito mwema, wakaamka wakiwa wamezidi, wala hawakuongeza hata gramu moja.

Hatusemi kwamba hesabu hii ni ya bure. Yafaa kuwapima watu wengi pamoja, na yasaidia waganga kujua ni nani anayehitaji matibabu. Twasema tu kwamba haimjui mama yule. Haijui mifupa yake, wala nyama zake, wala miaka yake, wala ngozi iliyobaki kuning’inia baada ya kilo 46 kuondoka.

Pili tuulize: mwili waweza kufika wapi? Huko Uswidi, kuanzia mwaka 1987, mganga Lars Sjöström na wenzake waliwafuata watu wanene zaidi ya 4.000, nusu wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa. Waliyoyaona waliyatangaza mwaka 2007. Waliofanyiwa ile namna ya kuunganisha mfuko na utumbo walipungua asilimia 32 ya uzito wao kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka kumi walikuwa wamerudi kidogo, wakasimama kwenye asilimia 25. Tumpime sasa mama wa mfano wetu. Amepungua kilo 46 katika 130, yaani asilimia 35. Amewapita wengi. Ili afike 68 ingempasa kupoteza karibu nusu ya mwili wake wote.

Nalo hili ndilo kubwa zaidi: katika miaka ile, vifo vya waliopasuliwa huko Uswidi vilikuwa vichache kuliko vya wale ambao hawakupasuliwa. Walipata uzima zaidi. Lakini kwa wastani hawakufika hata chini ya 30, sembuse 25. Jema walilolitafuta walilipata, ingawa namba ya jedwali hawakuiona.

Hapa twafikia kiini cha neno letu. Namba si mwisho wa safari. Namba ni alama iliyowekwa njiani ili kumwonyesha mtu kwamba anakwenda upande wa afya. Mama yule hakutaka kilo 68 kwa ajili ya kilo 68. Alitaka kupanda ngazi, kutoka katika ugonjwa wa sukari, kukaa miaka mingi na watoto wake. Sasa, kwa ajili ya ile alama, ameondoka mezani pa watoto wake. Kitu kilichowekwa kimtumikie kimegeuka kuwa bwana wake. Na tangu lini mtumishi huagiza nyumbani mwa mwenye nyumba?

Mtu mwenye hekima wa Ugiriki, Aristoteles, aliwafundisha watu kwamba wema hukaa katikati, kati ya kuzidi na kupungua. Lakini alionya kwamba katikati hiyo si ile ya hesabu. Alitoa mfano wa chakula: ratli kumi zikiwa nyingi mno na mbili zikiwa chache, mwalimu wa wapiganaji wa mieleka hatasema kwamba kila mtu ale sita. Kwa Milo, yule mpiganaji mashuhuri, sita ni chache; kwa anayeanza, sita ni nyingi. Hivyo kipimo cha haki ni kile kimfaacho mtu huyu, kama vile mtu mwenye busara angekipima. Kwa hiyo fadhila ya kiasi yenyewe yataka kiasi. Mtu aweza kuzidi katika kula, na aweza kuzidi katika kujinyima pia.

Sasa twasikia msomaji mmoja akisema: «Maneno haya ni hatari. Mkiwaambia watu kwamba kila mwili una kipimo chake, wavivu wote watasema wamefika!» Ndugu, sauti yako ni ya haki, wala hatutaki kuipuuza. Moyo wa mwanadamu ni fundi wa visingizio. Mtu aliyepasuliwa miezi sita tu iliyopita, akichoka kutembea na kutamani soda zake za zamani, akasema «mwili wangu umefika», huyo ajidanganya. Mwili wake ungali unashuka. Ni yeye aliyesimama. Kwa nje, wawili hawa wasema neno moja: yatosha. Kwa ndani, neno lao si moja.

Tutawatenganishaje? Twaona maswali matatu yafaa.

La kwanza: je, yale mema niliyoyataka nimeyapata? Asijibu kwa mizani, bali kwa damu iliyopimwa hospitalini, kwa magoti, kwa usingizi, kwa kazi ya mikono yake.

La pili: kilo moja zaidi yanidai nini? Kama yadai kutembea kidogo zaidi jioni, alipe. Kama yadai nywele, nguvu, usingizi na meza ya watoto, bei imepita mali. Mtaka yote hukosa yote.

La tatu: nikisema yatosha, naacha kukimbiza, au naacha kulinda? Hili ndilo linaloumbua kisingizio. Mvivu ataka kuacha vyote viwili. Mwenye busara huacha kukimbiza tu. Aliyepasuliwa ana wajibu wa maisha yote: kula nyama, samaki, mayai au maharagwe kwanza, kumeza vitamini zake, kupimwa damu kila mwaka ili chuma na vitamini B12 zisipungue, kutembea, kukaa mbali na yale yaliyomwumiza. Anayesema yatosha na kushika haya yote, hakushindwa. Amehama tu kutoka kazi ya kujenga hadi kazi ya kulinda nyumba.

Twaongeza mashauri mawili. Mtu asiamue siku ya huzuni. Asubuhi ile mizani ilipomchukiza si saa ya kuongeza mfungo, wala si saa ya kuacha kila kitu. Angoje moyo utulie. Tena asiamue peke yake. Macho yaliyozoea kujiona manene huendelea kujiona hivyo hata mwili umebadilika, na macho yaliyochoka huona upesi kwamba kazi imekwisha. Mganga wake na watu wa nyumbani mwake huona ambayo yeye haoni.

Nasi jirani, tuangalie ndimi zetu. Kwetu mtu akikonda, twauliza mara moja kama anaumwa. Akinenepa, twasema amepata raha. Kwingine huwasifu waliokonda na kuwacheka wanene. Pande zote mbili watu hupima roho ya mwenzao kwa mwili wake. Wengi hukimbiza namba si kwa ajili ya afya, bali kwa sababu ya neno moja walilotupiwa njiani. Ni nani kati yetu hajawahi kulitupa neno kama hilo?

Hatutamdanganya mama yule kwamba kuacha hakuna uchungu. Kuna mwili aliouota miaka mingi, na siku atakayofunga daftari atauaga. Alie, kama ataka kulia. Huko Philadelphia, mwaka 1997, waganga walitangaza kwamba waliwauliza wanawake 60 wanene, kabla ya matibabu ya chakula na mazoezi bila kupasuliwa, wanataka kupungua kiasi gani. Walitaka karibu theluthi ya uzito wao. Baada ya mwaka mmoja hivi walikuwa wamepungua kilo 16 kwa wastani, nayo ni kazi kubwa; lakini karibu nusu yao hawakufika hata ule uzito ambao wenyewe walikuwa wameuita wa kukatisha tamaa. Mtu aweza kushinda vita kweli na bado akarudi nyumbani kama aliyeshindwa, kwa sababu tu alijiwekea namba kabla hajaujua mwili wake.

Basi twajibu lile swali letu. Mumewe ana haki, naye mama ana nusu ya haki. Ni kweli kwamba hapaswi kuacha. Lakini lile asilopaswa kuliacha ni uzima wake, si namba yake. Achukue kalamu, afute 68, wala asiandike namba nyingine mahali pake. Kisha ashuke kutoka kwenye mizani, aende mezani. Watoto wamekwisha kuketi, na sahani yake ndogo iko pale.