Matundu Mawili

Kiboksi tulichotaka kununua kilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea maiki. Sisi tulikuwa watano.

Tulikuwa tumechanga laki moja na nusu kila mmoja, jumla laki saba na nusu, ili tuache kulipia studio kwa saa na turekodi demo zetu wenyewe sebuleni. Mimi ndiye niliyetumwa kuulizia bei, kwa hiyo jioni ile nilikuja na karatasi. Kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, inayopata umeme kutoka kwenye laptopu kwa waya wa USB, hivyo hata umeme ukikatika tunaendelea mpaka betri iishe. Maiki mbili. Stendi, nyaya, hedifoni. Programu ya kurekodia ni Audacity, ambayo ni ya bure. Kiboksi cha matundu manane nilikiulizia pia: kingemaliza fedha zote kabla hatujanunua hata maiki moja.

Nikawaeleza kwamba mawili yanatosha. Gitaa la solo linarekodiwa peke yake, kisha besi, kisha kinanda, mwimbaji anamalizia, kila mmoja akiwasikiliza waliomtangulia kwenye hedifoni. Tatizo ni dramu tu. Studio huzitegea maiki nyingi: moja kwa dramu kubwa ya mguu, moja kwa kila dramu ya mkono, mbili juu kwa ajili ya matoazi. Hizo hatuna. Kwa hiyo dramu tutazipanga kwenye kompyuta, pigo kwa pigo, kwa sauti zilizokwisharekodiwa na watu wengine. Nyimbo nyingi siku hizi hutengenezwa hivyo, na msikilizaji halalamiki.

Mpiga dramu ndiye mkubwa wetu kwa umri, tunamwita Kaka. Aliisoma karatasi yangu mpaka chini, akairudisha mezani.

"Kwa hiyo, wadogo zangu," alisema, "nimechangia mashine ya kunistaafisha."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumrudishia fedha yake. Nilidhani haki ni hesabu: kama hatumii kiboksi, asikilipie. Nilimwambia hivyo tukiwa tunasubiri daladala, naye akanijibu kwa upole kwamba sijaelewa. Fedha hakuwa anaidai. Kwa miaka mitatu alikuwa amebeba matoazi yake kwenye bodaboda kwenda mazoezini, na sasa jina la bendi lingetoka kwenye wimbo ambao yeye hayumo. Nani angekuwa amesema uongo, na kwa nani?

Swali hilo nililala nalo. Kwa upande wa msikilizaji, jibu ni jepesi kidogo. Demo ni ahadi. Tunampelekea meneja wa ukumbi au mtayarishaji na kumwambia: ukituita, utapata hiki. Dramu za kompyuta hazichoki wala haziharakishi. Kaka huharakisha kidogo kila tunapoingia kwenye kiitikio, na sisi sote humfuata bila kujua. Anayetuita kwa sababu ya demo ya kompyuta atakuwa ameita bendi nyingine.

Ugumu uko kwetu wenyewe, maana kila kurekodi ni kuchagua, na si kila anayeachwa ameonewa. Mfano unaotajwa sana na wanaorekodi nyumbani ni wa Bruce Springsteen. Mwanzoni mwa 1982, katika nyumba aliyopanga New Jersey, alirekodi nyimbo kwa maiki mbili za Shure SM57 na mashine ya Tascam Portastudio, inayogawa kaseti ya kawaida katika njia nne. Zilikuwa demo, za kuwaonyesha wenzake wa E Street Band. Bendi ilijaribu kuzipiga studio, lakini ladha ya ile kaseti haikupatikana. Mwaka huohuo kaseti yenyewe ikatoka kama albamu ya Nebraska.

Kisa hiki husimuliwa kuwatia moyo wenye vifaa duni, nami nilimsimulia Kaka kwa nia hiyo. Akasikia nisichokusudia: demo iliyoacha bendi nzima nje. Nilikubali. Lakini nilipokitafakari zaidi, niliona tofauti. Springsteen alikuwa na studio, na bendi ilipewa nafasi ya kupiga. Nyimbo ndizo zilizokataa. Kwetu, wimbo haukuulizwa. Matundu ndiyo yaliyoamua, nasi tulitaka kuyaita maamuzi yake ladha yetu. Umaskini unaweza kukulazimisha kumwacha mtu, na hilo si kosa lako. Kosa linaanza pale unapomwambia aliyeachwa kwamba sanaa ndiyo iliyotaka hivyo.

Tena hatukuwa tumelazimika. Kupanga dramu kwenye kompyuta ilikuwa njia iliyo karibu tu, na mimi sikuwa nimetafuta nyingine. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Wapiga ala hawakukosekana Bombay. Lakini sauti iliyosafiri ilikuwa ya watu waliozoeana. Na bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam enzi za muziki wa dansi zilipiga kwa pamoja, chumba kimoja, bila kusubiriana kwenye hedifoni. Njia ipo, nayo ni ya zamani: kama maiki ni chache, panga watu. Mwenye sauti kubwa arudi nyuma, mwenye ndogo asogee.

Tulinunua kiboksi kilekile cha matundu mawili. Maiki nilizobadilisha. Nilikuwa nimeandika za kondensa, zile zinazohitaji volti 48 kutoka kwenye kiboksi na zinazonasa hata pumzi. Katika sebule yenye bati juu, zingenasa pia kuku wa jirani na kila bodaboda ya mtaani. Tukachukua za dainamiki, zisizohitaji umeme huo na zinazosikia zaidi kilicho karibu. Moja tuliining'iniza juu ya dramu, nyingine akashika mwimbaji. Magitaa na kinanda viliingia kupitia spika zao, vikizifikia maiki zote mbili kwa hewa ya chumba. Godoro tulilisimamisha ukutani.

Jaribio la kwanza dramu zilimeza kila kitu. Tulimsogeza Kaka mpaka mlango wa jikoni, akafunika dramu zake kwa kanga na kupiga kwa mkono mwepesi. Mpiga besi akikosea, wote tunaanza upya, kwa kuwa kosa lake limo kwenye maiki zote na halifutiki. Wimbo wa kwanza tuliurudia mara kumi na moja. Mara ya tisa mwimbaji aliniangalia kwa jicho ambalo lilitosha kunikumbusha kwamba kwa mpango wangu wa awali angekuwa nyumbani saa nyingi.

Haki hiyo ilikuwa na gharama. Mtu mmoja tuliyempelekea demo alisema tunasikika kama tuko chumba cha pili, akatushauri twende studio kwanza. Hakutuita. Siwezi kuapa kwamba dramu za kompyuta zisingempendeza zaidi, na laki moja na nusu ya kila mmoja wetu ilikuwa imo ndani ya jibu lake.

Lakini kuna jioni moja. Tulifika wimbo wa tatu, ule wa taratibu, tukaupiga mara mbili. Kaka akaweka fimbo zake chini.

"Huu hauniiti," alisema. "Pigeni gitaa na sauti tu."

Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyekuwa amemwomba. Maiki iliyokuwa juu ya dramu tuliisogeza mbele ya gitaa. Yeye akavaa hedifoni, akakaa sakafuni karibu na laptopu, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akatupungia mkono tuanze.