Ruhusa Haina Tafsiri

Mtu akikupa nywila ya kompyuta yake, amekupa nini hasa? Swali hili linaonekana dogo, la mafundi tu. Mimi naliona kuwa swali la haki.

Shangazi yangu anaishi karibu na Kitale, mimi niko Nairobi. Kompyuta yake inatumia Windows, yangu Linux. Printa ikimgomea, sipandi matatu. Naingia kwa AnyDesk, nashika kishale chake nikiwa kwangu, narekebisha. Mwanzoni ilimbidi abofye kitufe cha kunikubali kila mara. Akachoka. "Mwanangu, kwani wewe ni mgeni? Weka nywila ya kudumu, uwe ukiingia tu." Nikaiweka.

Kwenye skrini yake kuna faili inayoitwa "Mgao wa shamba". Sijawahi kuifungua. Lakini mwanawe wa pili, binamu yangu, alipojua kwamba huwa naingia humo, alinipigia simu. "Si uko ndani tayari? Chungulia tu uniambie nimewekewa nini. Huvunji mlango wa mtu, bana. Ufunguo alikupa mwenyewe."

Hoja yake si ya kipuuzi. Mbele ya mashine, yuko sahihi. Nikishaingia, kompyuta hainioni mimi, inamwona shangazi. Anachoweza kufungua yeye, naweza pia. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba huyu amekuja kwa ajili ya printa.

Hata mashine zenyewe hazikuzaliwa zikielewana. Kati ya Desemba 1991 na Januari 1992, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu nchini Australia, aliandika programu iliyokuja kuitwa Samba. Alisikiliza yale ambayo kompyuta zilikuwa zikiambiana kwenye mtandao, kama mtoto aliyehamia mtaa mpya anavyookota lugha ya wenzake. Kwa kazi kama hiyo, Linux inaweza leo kufungua folda iliyoko kwenye Windows bila fujo.

Ila kila tafsiri ina kinachomwagika njiani. Kwa kawaida Linux huuliza mambo matatu: nani mwenye faili, kundi lake ni lipi, na wengine waruhusiwe nini. Windows huweka orodha ndefu ya majina, kila jina na lake. Kuhamisha ruhusa kutoka huku hadi kule hakukosi kasoro. Na ukiitia faili kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32, umiliki hauandikwi kabisa. Faili iliyokuwa na mwenyewe nyumbani, ikifika humo ni ya yeyote aliyeishika.

Hapo ndipo ninapoachana na binamu. Nywila huvusha uwezo, haivushi sababu. Shangazi alinipa ruhusa ya kutengeneza printa. Mashine ilisikia "ruhusa", ikaacha yaliyobaki. Hayo yaliyobaki hayana pa kukaa isipokuwa kwangu.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inalijua jambo hili: inataka data ya mtu ikusanywe kwa lengo lililotajwa, isigeuziwe lengo jingine. Lakini sheria hiyohiyo inayaacha nje mambo ya binafsi na ya nyumbani. Kumbe pale ambapo siri zetu nyingi zinakaa, kati ya shangazi na mpwa, mlinzi ni adabu tu. Ndiyo maana niliiondoa ile nywila ya kudumu. Shangazi alinung'unika, lakini siku hizi nabisha hodi naye anabofya. Mtu aliyekualika jana ana haki ya kukuambia leo usiingie.

Kuna pingamizi moja linaloniuma. Je, kama mgao ule una dhuluma? Sote tunajua ardhi inavyofanya ndugu wazikane wakingali hai. Pengine kuchungulia mapema kungezuia kesi ya miaka kumi. Siwezi kusema haiwezekani. Lakini binamu ana mdomo, na mama yake yuko hai. Haki yake ya kuuliza haipiti kwenye mgongo wa imani niliyopewa mimi. Nilimwambia hivyo, na tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Nimekubali gharama hiyo kwa sababu ya jambo kubwa kuliko shamba. Wazee wetu wengi wanatutegemea kuwasomea meseji, kuwatumia pesa kwa simu, kuwafungulia akaunti. Tukisema kila anayesaidia ana haki ya kujua, tutakuwa tumeamua kwamba asiyejua kompyuta hastahili kuwa na siri. Msaada utakuwa na bei, na bei yenyewe hatutakuwa tumemtajia.