Mkanda wa Aliyekaa Nyuma

Katika matanga ya waliokufa barabarani, waombolezaji husema kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Ni kauli ya faraja, na mfiwa ana haki nayo. Ubaya unaanza pale inapochukuliwa matangani na kupandishwa garini, ikawa sababu ya kuuacha mkanda uning'inie ubavuni mwa kiti. Imani iliyokuwa dawa ya huzuni inageuka ruhusa ya uzembe, na naamini mwenye dini ndiye anayepaswa kuikataa ruhusa hiyo, kabla hata ya askari wa barabarani. Abiria ninayemfikiria zaidi ni yule anayesahauliwa kuliko wote: aliyejibana nyuma ya dereva katika pikapu yenye kebini iliyorefushwa, ile isiyofikia ukubwa wa dabo kebini. Nafasi ni finyu, magoti yanagusa kiti cha mbele, naye hujiambia kwamba hapo hana pa kurushwa.

Anapo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, gari ndilo linalosimama. Mwili uliomo unaendelea na mwendo ule ule mpaka ukutane na kitu cha kuuzuia. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Wasomaji wa Injili watamkumbuka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akishawishiwa ajitupe kwa kuwa malaika wangemdaka. Alikataa, na wala si kwa sababu aliutilia shaka ulinzi wa Mungu. Alijua kwamba kumdai Mungu auonyeshe ulinzi huo ni kumjaribu. Anayekaa bila mkanda akisema Mungu yupo amesimama juu ya kinara kile kile, ila tu haoni kimo chake, kwa kuwa kimo hicho ni cha kulala na kinakwenda kwa magurudumu.

Waislamu nao wana kisa kizito cha karne ya 7. Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Shamu, na alipofika Sargh akapata habari za tauni iliyozuka huko. Akaamua kurudi Madina. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye Umar akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Jibu hilo linamaliza ubishi wote wa mkanda, kwa sababu linaiweka hatua ya kujikinga ndani ya majaaliwa yenyewe. Mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alibuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba, kwa wanaokaa viti vya mbele vya pikapu na magari ya aina hiyo, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 60. Ikiwa Mungu ameandika siku za watu, basi ameandika pia waliofunga mkanda wakapona. Kuisoma kadari katika kifo tu, na kutoiona katika kinga, ni kuusoma ukurasa mmoja wa kitabu na kuukana wa pili.

Wapo wasiotaja dini, wakasema tu kwamba maisha ni yao. New Hampshire, jimbo la Marekani, mpaka leo haiwalazimishi watu wazima kufunga mkanda, na hoja ya uhuru huo husimamishwa juu ya kanuni ya John Stuart Mill ya mwaka 1859: mtu asizuiwe isipokuwa pale anapomdhuru mwingine. Naiheshimu kanuni hiyo, na kwa kipimo chake chenyewe aliyekaa nyuma anashindwa. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa waliokaa mbele, nao wamefunga mikanda, huongezeka karibu mara tano pale wa nyuma yao wanapokuwa hawajafunga. Uzito wa mtu mzima unakisukuma kiti cha mbele na kumbana aliyekikalia. Kwa hiyo dereva aliyetimiza wajibu wake anauawa na rafiki yake, ndugu yake, au mtoto wake. Uhai wa aliye mbele ni amana mikononi mwa aliye nyuma, na amana haitupwi kwa jina la uhuru.

Mchumi Sam Peltzman alidai mwaka 1975 kwamba dereva anayejiona salama huendesha kwa pupa zaidi. Hata tukimkubalia, abiria wa nyuma hana usukani wala breki. Mkanda wake haumwongezei dereva kasi hata kidogo.

Pingamizi linaloniumiza kweli ni la asiye na mkanda wa kufunga. Hapa lawama inahama. Nchini Marekani, mkanda wa bega ulitakiwa kwenye viti vya mbele vya magari madogo tangu 1968, lakini viti vya nyuma vilisubiri mpaka mwishoni mwa 1989, na vya pikapu mpaka 1991. Kwa miaka zaidi ya ishirini sheria yenyewe ilifundisha kwamba wa nyuma ana thamani pungufu, na pikapu nyingi zilitoka kiwandani na viti vidogo vya kukunja vilivyoelekea ubavuni. Kasoro hiyo hurekebishika: kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Kenya Februari 2004, wenye matatu walilazimika kuweka mikanda kwenye viti vya abiria. Anayechukua nauli au kupakia wafanyakazi wake amejitwika dhamana ya miili yao. Kama kiti cha nyuma kina mikanda miwili na abiria ni watatu, mmoja asubiri gari lingine, na gharama ya kusubiri huko aibebe mwenye pikapu.