IMANI NA FALSAFA: JE, ZAWEZA KUKAA NYUMBA MOJA?



Katika darasa zetu hurudi mara kwa mara suala moja, na wanaoliuliza ni vijana wa skuli na wazee wa msikitini pia: Je, mtu aweza kuwa Muislamu wa kweli na huku akasoma falsafa? Baadhi ya wazee hujibu kwamba falsafa ni sumu; anayeionja huanza kwa kuuliza na humaliza kwa kuacha sala. Baadhi ya vijana waliorudi kutoka vyuo vikuu hujibu kwamba dini ni ya wale wasiotaka kufikiri. Ukiyatazama vyema majawabu haya utaona ni jawabu moja lililovaa nguo mbili. Wote wamekubaliana kuwa imani na akili haziwezi kukaa nyumba moja. Wamekhitalifiana tu juu ya nani atolewe nje. Sisi twasema wote wamekosea, na kosa lenyewe si la maneno matupu. Hapa kwetu, bara ya Malindi, limekwisha kutuonyesha makaburi.

Kwanza tujue tunasema nini. Neno falsafa lilitoka kwa Wayunani, na maana yake ni kupenda hekima. Yatupasa kutenganisha ala na kile kilichoundwa kwa ala hiyo. Ala ya falsafa ni kutaka dalili, kupambanua maana ya maneno, na kupima kama jambo moja lalazimisha jingine. Kilichoundwa ni maoni ya huyu na yule, na katika maoni yamo ya kweli na yamo ya uwongo. Fundi akiunda mlango ukaenda kombo, hatuitupi randa baharini.

Na ala hii Qur'ani haikuiharimisha. Katika Sura ya Al-An'am twasoma jinsi Nabii Ibrahim alivyowahoji watu wake kwa nyota, kisha kwa mwezi, kisha kwa jua, akawaonyesha kuwa kinachotua hakifai kuabudiwa. Katika Sura ya Al-Baqara alimwomba Mola wake amwonyeshe vipi huwafufua wafu. Alipoulizwa kama hajaamini, alisema ameamini, ila ataka moyo wake utulie. Tazameni, ndugu zetu: Ibrahim hakukaripiwa kwa kuuliza, alijibiwa. Na katika Sura hiyo hiyo wanalaumiwa watu ambao hawana hoja ila kwamba waliwakuta baba zao juu ya jambo fulani.

Wanaoikataza falsafa hulitaja jina la Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ni kweli kwamba aliandika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuyabomoa maneno ya wanafalsafa. Walakini ni wachache wanaotazama alibomoa vipi. Alijifunza kwanza elimu yao hata akaweza kuieleza kama wenyewe, kisha akawajibu katika masuala 20, hoja kwa hoja. Katika masuala hayo ni matatu tu aliyoyahukumu kuwa ni kufuru: kusema kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kusema kuwa Mungu hayajui mambo moja moja ya viumbe vyake, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Ama hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi, alisema wazi kwamba anayezikataa kwa jina la dini huidhuru dini. Kwani mwenye kuzijua hesabu hizo hatazitilia shaka, ataitilia shaka dini. Na alipoandika al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya fiqhi, alikitangulizia mlango wa mantiki. Je, huyu ndiye adui wa kufikiri?

Aliyemrudi Ghazali ni Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198. Naye hakuwa mtu wa pembeni mwa dini. Alikuwa kadhi Seville na Cordoba, na kitabu chake Bidayat al-Mujtahid husomwa na wanafunzi wa fiqhi hata leo. Yeye alishika kwamba sharia yenyewe yamwajibisha mwenye uwezo kuutazama ulimwengu kwa akili, na kwamba haki haiwezi kupingana na haki. Mwaka 1195 alifukuzwa kwao na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto. Wanavyuoni hawa wawili walikhitalifiana sana, nao wote wawili walisali kuelekea kibla kimoja.

Wala jambo hili si geni kwa pwani yetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, ni mfalme wa Malindi aliyempa rubani wa kumvusha hadi India. Manahodha wa bahari hii walijua nyota, misimu ya pepo na hesabu za safari, na elimu ya nyota iliyowaongoza vyomboni ndiyo iliyowaongoza watu kujua kibla na nyakati za sala. Na katika karne iliyopita Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa kule Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufariki kwake mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu waishike dini yao na watafute elimu ya zama zao, na akakemea kufuata mazoea bila ya dalili.

Sasa tuje kwenye makaburi. Tangu Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Upande wa mashtaka umedai kwamba watu hawa, wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, waliambiwa wafe njaa ili wakutane na Yesu. Waliopasua miili walisema wengi walikufa kwa njaa, na wengine, wakiwamo watoto, walinyongwa au walizibwa pumzi. Mhubiri huyo alifikishwa mahakamani mwaka 2024 akakana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama. Mazingatio ni yetu sote.

Kijana wetu msomi atasema: Hayo ndiyo matunda ya imani. Twamjibu: Hapana. Imani yetu yafunga mwezi mzima kila mwaka, na sharia hiyo hiyo yampa ruhusa mgonjwa na msafiri afungue, na mtu kujiua imemharimishia. Kila hukumu hapo ina sababu yake, na sababu hutambuliwa kwa akili. Mauti huingia pale mtu mmoja anapolifunga suala la "Dalili iko wapi?" na wafuasi wakaambiwa kuuliza ni kukosa imani. Watoto hawakuwa na hiari. Waliokuwa na hiari walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ulimi.

Wala tusijione kuwa tumesalimika kwa kuwa waliokufa walikuwa wa dini nyingine. Wao ni jirani zetu. Na kwetu je? Wako vijana wa pwani hii waliovushwa mpaka kwenda kupigana Somalia kwa aya zilizokatwa kichwa na mkia. Wako wagonjwa waliozuiliwa hospitali wakauziwa hirizi. Mlango walioingilia ni ule ule.

Na mzee wetu naye ana neno la haki, tusimnyime. Akili ina mpaka wake. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliifananisha na mizani ya dhahabu: ni mizani ya kweli, lakini haipimi milima. Akili haitatuambia kwa nini Alfajiri ni rakaa mbili na Magharibi ni tatu, wala haitatupa khabari za akhera. Lakini kujua mpaka huo ulipo ni kazi ya akili pia. Asiyefikiri hawezi kusema wapi fikira hukoma. Na kijana anayekanusha kila kisichoingia katika mizani yake ndogo amefuata kibubusa vile vile, ila sheikh wake amevaa suti.

Kwa hivyo, ndugu zetu, yatupasa mambo mawili. Mzazi na mwalimu wasimkemee mtoto aulizaye juu ya Mungu. Wamjibu, na wasipojua waseme "Allahu aalam" na wamtafutie ajuaye. Na muulizaji aulize kwa kutaka kujua, si kwa kutaka kushinda. Wahenga walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi twaongeza kwamba asiyeruhusiwa kuuliza hana pa kukimbilia siku atakapoongozwa msituni.

Twamwomba Mola atuonyeshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Amin.