Mkataa Kwao ni Nani?

Binti mmoja wa Mpanda alivunjiwa uchumba mahari ikiwa imekwisha kupokelewa. Alijifungia ndani kwa wiki kadhaa, kisha akapanda basi la Sumbawanga, akavuka mpaka Tunduma, akaenda kukaa Lusaka peke yake, mahali ambapo hakuna aliyejua yaliyompata. Ndugu walipoketi kuzungumzia kurudisha mahari, mzee mmoja alifunga mjadala: mkataa kwao mtumwa. Waliokuwepo wakaitikia. Mimi iliniuma, maana si mara ya kwanza kuona methali hii imegeuzwa fimbo ya kumchapa kila anayefunga mzigo.

Kwamba methali inalaani, hatubishani. Tunabishania nani analaaniwa. Yule mzee anaamini kukataa kwao ni kuondoka. Kama ni hivyo, basi nusu ya mkoa wetu wa Katavi ni watumwa. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, nayo ikaleta watu wa makabila mengi ambao hawakurudi tena walikotoka. Wafugaji wa Kisukuma wameshuka na mifugo yao mpaka huku. Kwenye makazi ya Katumba na Mishamo wako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mwaka 2007 waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi wao wakachagua kubaki, na 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora wakapewa uraia wa Tanzania. Nani atasimama Katumba awaambie wazee wale kwamba wamekataa kwao? Kwao ndiko kulikowafukuza.

Tena mkoa huu una mtu ambaye neno mtumwa kwake halikuwa fumbo. Adrien Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto na kuvushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, mpaka wamisionari wa Mapadri Weupe walipomkomboa Algeria. Akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa ziwa Tanganyika, akawatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Kwa maana ya yule mzee, Atiman ni mkataa kwao wa kupigiwa mfano: zaidi ya miaka sitini ugenini, na kaburi ugenini. Lakini alipoandika habari za maisha yake hakujifanya mtu aliyeanzia Malta. Alimtaja mtoto yule aliyetekwa na alikotekwa. Aliyeuzwa hakuwa mtumwa wa methali hii, na hilo pekee lingetosha kutufunga midomo tunapotaka kuitamka ovyo.

Nadhani waliotuachia methali walijua kitu ambacho sisi tumekisahau. Kwenye njia za misafara zilizopita kati ya ziwa na Tabora, aliyekuwa rahisi kuuzwa ni yule asiye na wa kumuulizia. Mwenye ndugu angefuatwa, angegombewa, pengine angekombolewa. Kwao, basi, ni watu watakaouliza fulani yuko wapi, zaidi ya kuwa ardhi na nyumba. Anayewakana watu hao anajivua kinga yake mwenyewe, na anaweza kuwakana bila kutoka hata nje ya Mpanda. Tunao vijana wanaokaa mtaa wa pili na mama yao na mwaka unapita hawajapiga hodi. Hao hakuna kikao kinachowaita watumwa, eti kwa sababu wapo.

Sisemi kila safari ni njema. Siku hizi kwenda kutibu moyo nje kumekuwa fasheni: mtu anakopa, anakwenda Dubai, anapiga picha kila siku ili aliyemwacha azione. Huyo hajaondoka. Moyo wake uko palepale alipoumizwa, na hata chakula anachoagiza amekichagulia macho ya mtu mwingine. Ipo pia hatari iliyofichika zaidi, na hapa namwonya binti wa Lusaka kwa upendo. Aliyekuvunjia uchumba ni mtu mmoja. Ukiwa peke yako ugenini ni rahisi sana kuandika deni lake kwenye daftari la watu wote: Mpanda nzima ni wambea, ndugu wote ni wanafiki, lugha ya nyumbani yenyewe inakuchefua. Mlango wa kukataa uko hapo. Kumkimbia aliyekuumiza si dhambi. Kuwafuta wasiokuumiza ili maumivu yako yapate nafasi, huko ndiko kunakokemewa na methali. Atakayefanya hivyo, kila mji atakaouchagua utakuwa umechaguliwa na kidonda chake, na sijui utumwa gani mwingine unaozidi huo.

Lakini ninyi wa nyumbani, mliokuwa wepesi kutamka, semeni: kabla ya basi la Sumbawanga, nani alikwenda kukaa na binti yule? Habari zake zilizungushwa sokoni kama karanga za kukaanga. Mashangazi waliulizana ana kasoro gani. Kwa wiki zile zote alizojifungia, mlijadili ng'ombe wa kurudisha, na jina lake likatajwa kama sehemu ya hesabu. Hapo mkataaji ni yupi? Wazee wa zamani walijua kwamba ndugu wana wajibu wa kumfuata mtu wao, kumgombea, kumkomboa. Huwezi kuushika upande mmoja wa agano, ukaudai kwa methali, na upande wako umeutupa.

Namba yake ya Zambia mama yake anayo. Baba mdogo, aliyepokea mahari kwa mikono yake, ndiye anayepaswa kumpigia kwanza, na asianze kwa kumuuliza anarudi lini. Amuulize amelalaje.