Thamani Asiyoijua Muuzaji

Duka dogo la nguo za zamani, yaani nguo zilizoshonwa miongo mitatu, minne au zaidi iliyopita na ambazo hutafutwa kwa sababu ya ukale wake, hutegemea ujuzi zaidi ya mtaji, na ujuzi huo huleta faida kwa sababu mtu wa upande wa pili hana. Mwenye duka wa Dar es Salaam anayefika Soko la Karume, Ilala, wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, huchunguza mambo ambayo mwenye robota hana muda nayo: lebo nyekundu ya mfukoni kwenye jaketi la Levi's, ambayo hadi mwaka 1971 iliandikwa kwa herufi E kubwa; pindo la fulana lililoshonwa kwa mstari mmoja wa uzi; au gauni la Marekani lisilo na lebo ya maelekezo ya kufua, ambayo sheria ya nchi hiyo ilianza kuidai mwaka 1972. Kwa alama kama hizo, nguo iliyotajwa kwa shilingi 5,000 inaweza kutundikwa dukani kwa shilingi 100,000. Swali linalozaliwa hapo ni la dini na la falsafa kwa pamoja: je, faida itokanayo na kutojua kwa muuzaji ni halali, na kama ni halali, inakoma wapi?

Mwenye duka anapouza, jibu si gumu. Nguo mpya iliyoshonwa kwa mtindo wa zamani, ikapaushwa na kusuguliwa hadi ikafanana na iliyovaliwa miaka mingi, haina ubaya wowote ikitajwa kuwa mpya. Ikiuzwa kwa jina la ukale, imeingia katika kile ambacho fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria za dini, hukiita tadlisi, maana yake kuificha hali halisi ya bidhaa. Hadithi za Mtume zinamtaja mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na aliyedanganywa hivyo amepewa haki ya kumrudisha. Ugumu wa kweli uko anaponunua.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, alilikabili swali hili katika Summa Theologiae, kitabu chake kikuu cha mafundisho ya imani. Mtu akiuza dhahabu huku akidhani ni shaba, asema Aquinas, mnunuzi anayejua ukweli amenunua kwa dhuluma na analazimika kufidia. Hukumu hiyo ni nzito, lakini haiingii moja kwa moja kwenye jaketi la Karume. Dhahabu ni dhahabu mikononi mwa kila mtu, ilhali jaketi kuukuu, kwa kijana anayelitaka kwa ajili ya baridi ya alfajiri juu ya bodaboda, ni la shilingi 5,000 kweli. Thamani kubwa huzaliwa baadaye, baada ya kuchaguliwa kati ya mamia, kufuliwa, kuwekwa zipu, kulipiwa pango la fremu na kusubiri miezi kadhaa hadi apatikane anayelipenda. Aquinas mwenyewe anakubali kwamba mfanyabiashara anaweza kutafuta faida kama ujira wa kazi yake. Hoja hii ya kazi ni ya haki, ingawa hutumiwa mno kufunika hata yale isiyoweza kuyafunika.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, wana njia nyingine. Kwao ghabni, yaani kupunjika katika bei bila kudanganywa, haivunji mauziano peke yake: aliyenunua kipande cha kioo akidhani ni johari hana haki ya kukirudisha, kwa kuwa alipaswa kuuliza. Mwenye robota yuko katika hali inayofanana. Yuko sokoni, amezungukwa na wenzake wa kazi hiyohiyo, na amechagua kuuza upesi kwa hesabu ya robota zima badala ya kuichunguza kila nguo. Anayenunua kwake kwa bei aliyoitaja mwenyewe hajamdhulumu.

Lakini fikihi hiyohiyo inakataza talaqi rukban, yaani kuutoka mji kwenda kuulaki msafara wa wenye bidhaa njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Aliyeuza namna hiyo, akifika sokoni na kuona amepunjwa, ana khiyari, maana yake haki ya kuthibitisha au kuvunja mauziano. Hapa ndipo mpaka unapoonekana vizuri zaidi. Linalokatazwa si kujua zaidi ya mwingine. Ni kumfikia mtu mahali ambapo hana wa kumuuliza.

Na mahali hapo pako hata leo: ni sebuleni kwa mjane anayelifungua sanduku la marehemu. Ndani yake mna suti ya Kaunda iliyopigwa pasi kwa mara ya mwisho zamani, na kanga zilizokunjwa ambazo pindoni bado zina chapa ya Mali ya Abdulla wa Mombasa. Mama huyo hauzi robota, hana mwenzake wa kazi pembeni, na kwa kawaida neno lake la kwanza ni kumuuliza mgeni, “Kwani hizi zinafaa kiasi gani, mwanangu?” Aliyeulizwa hivyo si mnunuzi tu tena. Amefanywa mshauri, na Uislamu unauhesabu ushauri kuwa amana. Akinyamaza au akitaja bei ya mitumba, ameivunja.

Imepokewa kwamba sahaba Jarir bin Abdullah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akaenda kwa mwenyewe na kumwambia kwamba farasi wake ni wa zaidi ya hapo, akaipandisha bei mia mia hadi 800, kwa sababu alikwisha mwahidi Mtume kumtakia kila Mwislamu mema. Sheria haikumlazimisha, hiyo ilikuwa ihsani, wema unaovuka wajibu, na duka ambalo lingemfanyia hivyo kila mwenye robota lisingemaliza mwaka. Kwa mjane hali ni tofauti, kwa kuwa kule kuuliza kwake kumeshaleta wajibu.

Mwenye duka anaweza kujitetea kwamba hana mtaji wa kulipa thamani kamili, na mara nyingi husema kweli. Biashara ya Kiswahili, hata hivyo, ina utaratibu wake wa siku nyingi, mali kauli, ambapo bidhaa huchukuliwa kwa ahadi na kulipiwa ikishauzwa. Suti na kanga zichukuliwe hivyo, zikiwa zimeorodheshwa moja moja mbele ya mama mwenyewe, bei inayotarajiwa itajwe, na fungu la duka kwa kazi yake likubaliwe kabla kitu chochote hakijatoka mlangoni.